Siku Tatu za Baba Kulwa

Nilikwenda Itetemia, Tabora, kutafuta habari za ikulu ya watemi wa Unyanyembe. Nimerudi na hesabu ya siku ambayo hainitoki kichwani.

Aliyenipa hesabu hiyo ni mkunga mstaafu, aliyenikaribisha kivulini kwake. Kwa Wanyamwezi, pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, na atakayewafuata huitwa Shija. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inawajua mapacha, lakini kwa upande wa mama tu: mtoto mmoja, likizo yenye malipo ya siku 84, zaidi ya mmoja, siku 100. Baba? Angalau siku 3, na azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Bibi akaniambia: mwanangu, soma mpaka chini. Nikasoma. Siku hizo 3 ni za mzunguko mzima wa miezi 36, hata wazaliwe watoto wangapi. Shija akija kabla miezi hiyo haijatimia, sheria haimdai mwajiri hata siku moja zaidi. Zilikwisha kwa Kulwa na Doto.

Bibi alichukua mito miwili, akanionyesha mapacha wanavyonyonyeshwa pamoja: kila mmoja kwapani, miguu ikielekea mgongoni kwa mama, vichwa viganjani. Mmoja akiteleza, mama hana mkono wa kumwinua. Mkono huo, asema, ni wa baba. Na aliyepasuliwa, siku ya nne mshono wake bado mbichi.

Zamani wake wa wapagazi walipita hapa Tabora na vyungu kichwani, watoto mgongoni, katika msafara mmoja na waume zao. Leo baba anafanya kazi Dar es Salaam. Treni inakula siku nzima kumleta, na nyingine kumrudisha.

Sheria hubadilika ikisukumwa. Mwaka 2025 mama wa watoto njiti waliongezewa likizo, baada ya miaka ya kampeni ya Taasisi ya Doris Mollel. Bibi anawapongeza kwa moyo wote. Ila njiti walipata wa kuwasemea. Kulwa na Doto atawasemea nani? Na mkulima wa tumbaku asiye na mwajiri, likizo yake aombe wapi?

Nilipoaga, mito ile miwili ilikuwa bado mapajani mwake.