Maji ya Mvua kwa Usafi wa Nyumba: Mashauri kwa Watu wa Awasi na Uwanda wa Kano

Huenda wasomaji wetu wengi wakashangaa kuambiwa kwamba Kisumu hupata mvua maradufu ya ile inayonyesha London, mji unaosifika duniani kote kwa mvua na ukungu. Kipimo cha London ni kiasi cha milimita 600 kwa mwaka. Cha Kisumu hupita milimita 1,200. Walakini mtu akifuata barabara kuu ya Kisumu kwenda Kericho, akapita Ahero na kufika Awasi wakati wa kiangazi, ambacho Wajaluo hukiita oro, atawaona akina mama na wasichana wamejitwika mitungi ya maji, na vijana wakisukuma mikokoteni ya maji ya kuuza. Mahali penye mvua nyingi namna hiyo pana taabu ya maji. Katika makala haya twapenda kueleza sababu yake, na kueleza jambo moja ambalo kila mwenye nyumba ya mabati anaweza kulitenda bila kungoja mradi wa mtu yeyote, nalo ni kufua, kuosha vyombo na kupiga deki kwa maji ya mvua, ili maji ya kununua na yale yatekwayo mbali yabaki kwa kunywa na kupika.

Taabu ya Kano si uchache wa maji, bali ni hali ya maji yenyewe. Mto Nyando hushuka kutoka milima ya Nandi ukibeba udongo mwingi mno, hata maji yake huwa ya rangi ya kahawia kabla hayajafika ziwani. Mvua zikizidi, mto huo huvunja kingo zake na kutanda uwandani, kama ilivyokuwa mwaka 1961, tena mwaka 1997 na 1998, na karibuni zaidi mwaka 2020 na 2024. Maji ya gharika huingia vyooni na visimani, akachota humo asiyejua. Udongo mweusi wa Kano nao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, basi si rahisi kuchimba kisima kikadumu pasipo kujengewa. Na visima vingine, hata vikidumu, maji yake yana chumvi. Katika hali hiyo, maji masafi kuliko yote yaliyo karibu na mlango wa mtu ni yale yanayoanguka juu ya paa lake, nayo kwa kawaida huachwa yachimbe mitaro uani na kwenda zake.

Jambo hili lina uzito kuliko kuokoa fedha peke yake. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za Mkoa wa Nyanza, kama ulivyoitwa wakati ule, zilipokea wagonjwa wa kipindupindu 14,275, na watu 547 wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba watu waliokunywa maji ya Ziwa Victoria walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Sasa tutazame mambo yalivyo nyumbani. Maji yakiwa ya kununua, mama wa nyumba huyapima, wala hakuna awezaye kumlaumu. Akiwa na mitungi mitatu kwa siku, atatanguliza ya kunywa na ya chakula. Kitakachopunguzwa ni kunawa mikono baada ya kutoka chooni, kusuuza sahani mara ya pili, na kufua nguo za mtoto anayeharisha. Hapo ndipo ugonjwa unapopata njia. Nyumba yenye maji tele ya kuoshea, hata kama si maji ya kunywa, imeziba njia hiyo kwa sehemu kubwa.

Tena maji ya mvua ni mazuri kwa kufulia kuliko maji mengine yote. Maji yapitayo ardhini huyeyusha chokaa na madini mengine ya mawe. Sabuni ikikutana na chokaa hiyo hugeuka utando mzito unaoelea na kugandamana na nguo, wala povu halitoki mpaka sabuni nyingi imekwisha kupotea. Mvua haikupita ardhini, kwa hiyo haina chokaa hiyo. Anayetilia shaka na ajaribu mwenyewe: achukue chupa mbili, moja aitie maji ya kisima chenye chumvi na nyingine maji ya mvua, atie katika kila moja kipande cha sabuni kilicho sawa, kisha atikise. Sabuni iwe ya kipande, maana sabuni nyingi za unga hutengenezwa ili zivumilie maji magumu, na tofauti haitaonekana vizuri.

Sasa twaja kwenye hesabu, nayo si ngumu. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Nyumba yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5, ikipimwa chini kwa kufuata ukingo wa paa na si kwa kufuata mteremko wa mabati, ina paa la mita 30 za mraba. Mvua moja ya alasiri ikileta milimita 20, hizo ni lita 600. Tukiacha sehemu moja katika tano ipotee kwa kurukaruka na kumwagika, zinabaki lita 480, yaani mitungi 24 ya lita 20. Aliyefunga mfereji upande mmoja tu wa paa atapata mitungi 12. Na kwa mwaka mzima wenye mvua ya milimita 1,200, paa hilo hilo dogo huteremsha maji yanayoweza kukingwa ya lita 28,800, ambazo ni mitungi 1,440. Na afikiri msomaji ni safari ngapi hizo za kichwani kutoka mtoni.

Wengi husema, "Mimi sina fedha za tangi." Neno hilo ni la kweli kwa mtu atakaye kunywa maji ya mvua mwaka mzima, maana yampasa kuweka akiba ya kuvuka miezi ya kiangazi, na tangi la namna hiyo ni ghali. Lakini kazi ya usafi haidai tangi kubwa. Kiu haiwezi kungoja mvua; kufua kunaweza. Katika sehemu za Awasi mvua nyingi hunyesha alasiri au jioni, kwa sababu upepo wa ziwani huvuma mchana kuelekea bara na kukutana na pepo za mashariki karibu na milima. Basi mwenye busara hutayarisha vyombo vyake adhuhuri, hukinga maji jioni, na kufua asubuhi ifuatayo jua likiwa kali. Mablanketi, mapazia na magunia, ambavyo hunywa maji mengi kupita kiasi, yafaa vingojee msimu wa mvua ndefu, yaani chwiri. Vyandarua vya mbu vilivyotiwa dawa vifuliwe taratibu kwa sabuni isiyo kali, visifuliwe zaidi ya mara moja katika miezi mitatu, na vianikwe kivulini, kwa kuwa jua huharibu dawa yake.

Vyombo vya kuanzia ni vile vile vilivyomo nyumbani: karai, beseni, ndoo na sufuria kuukuu, vikipangwa pale matone ya paa yanapodondokea. Baadaye mtu akipata kidogo, anunue mifereji ya bati, ambayo mafundi huiita gata, na pipa moja la lita 200. Mfereji uinamishwe kuelekea pipani kiasi cha sentimita 1 kwa kila mita 1. Ukilala sawasawa maji yatatuama ndani yake, na ukiinama mno maji yatafurika mwishoni. Pipa lililojaa lina uzito wa kilo 200 na zaidi, basi lisimamishwe juu ya mawe yaliyopangwa imara, lisije likamwangukia mtoto. Tena lisiwe pipa lililowahi kubeba dawa za mashamba au za kuogeshea ng'ombe, hata likioshwa mara kumi.

Maji ya dakika za kwanza yasichanganywe na mengine. Hayo ndiyo yanayoosha paa, nayo huteremka na vumbi, majani na mavi ya ndege, hasa baada ya siku nyingi za ukavu. Yakingwe mbali katika karai lake. Lakini si ya kumwagwa ovyo: yanafaa sana kwa kuoshea majembe, viatu vya matope, sakafu ya choo na magurudumu ya baiskeli. Yafuatayo ndiyo ya kufulia na kupigia deki. Maji yaliyosuuzia nguo yatumike tena sakafuni, na yakiisha kutumika huko yapewe migomba. Nyumba yenye mabati ya kutu isifulie nguo nyeupe kwa maji ya paa lake, maana kutu hutia madoa yasiyotoka. Wala maji ya paa la nyasi hayafai kwa nguo nyeupe, kwa kuwa huwa na rangi ya chai. Katika nyumba hizo maji yatumike kwa sakafu na choo tu.

Kuhusu vyombo vya chakula, tunapenda kutahadharisha. Sahani na sufuria zaweza kusuguliwa kwa majivu na maji ya mvua, lakini zisuuzwe mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini, kisha ziwekwe juani juu ya uchaga, zisifutwe kwa kitambaa kichafu. Na mtu yeyote asinywe maji ya paa bila kuyachemsha au kuyatia dawa, ingawa yanang'aa kama kioo.

Kukinga mvua si mambo mapya ya kizungu, kama wengine wanavyodhani. Katika visiwa vya Lamu, ambako visima vingi vina maji ya chumvi, wenyeji tangu zamani wamejenga majabia, nayo ni mabirika makubwa ya mawe na chokaa yenye sakafu pana iliyosakafiwa ili ikusanye mvua na kuiteremsha ndani. Watu wale hawakungoja bomba. Tofauti ni kwamba Lamu husimama juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, na Awasi husimama juu ya udongo mweusi, jambo ambalo mwenye kutaka kujenga tangi la saruji halina budi kumshughulisha sana. Tangi likijengwa moja kwa moja juu ya udongo ule litapasuka, kwa sababu udongo huinuka wakati wa mvua na kushuka wakati wa jua. Yampasa fundi auondoe udongo mweusi mahali pale, ajaze mawe na moramu na kushindilia vizuri, ndipo aweke msingi. Tena ajihadhari na urahisi wa uongo. Katika miaka ya 1980 watu wengi wa Kenya walijengewa matangi yaliyosukwa kwa fito kama ghala la nafaka na kupakwa saruji. Bei yake ilikuwa ndogo, lakini mchwa na uozo vilikula fito, na mengi yakavunjika baada ya miaka michache.

Lipo adui mwingine, naye ni mbu. Yai la mbu katika maji yaliyotuama hufikia kuwa mbu kamili kwa muda wa kiasi cha siku 7 hadi 14, na Nyanza ni nchi ya malaria. Ndiyo maana haifai kabisa kukinga maji na kuyaacha wazi. Kila pipa lifunikwe kwa kifuniko au kitambaa kizito kilichofungwa kwa kamba, na kifuniko hicho kiwe kigumu cha kutosha kumzuia mtoto mdogo asitumbukie. Makarai na ndoo vimwagwe na kupinduliwa kila juma, hata kama maji hayajaisha. Akiona viluwiluwi pipani, mtu asikate tamaa: ayatumie maji yote siku ile kwa kupiga deki, alisugue pipa ndani, na kulifunika upya.

Mifereji isafishwe mwezi wa Februari, kabla chwiri haijaanza, maana majani makavu yakibaki ndani yake mvua ya kwanza itayasukuma yote pipani. Na maji yanayofurika yaongozwe kwa mfereji mdogo hadi shambani au kwenye migomba, mbali na ukuta wa nyumba na mbali na choo, ili yasiulainishe ule udongo mweusi chini ya msingi.