Je, Wajua? Mkono Huropoka Kuliko Uso

Wacheza poka hujifunza kukausha uso ili karata zao zisijulikane. Haitoshi! Mwaka 2013, Michael Slepian na wenzake walichapisha utafiti uliotumia video za mashindano ya dunia ya poka ya 2009. Watazamaji walioonyeshwa nyuso tu walishindwa kubaini nani ana karata nzuri. Walioonyeshwa mikono ikisukuma chipu za dau mezani walibashiri vizuri zaidi: mwenye karata nzuri husukuma bila kusitasita.

Mtandaoni mkono huo hauonekani. Kinachobaki ni dau, muda anaotumia mtu kuamua, na kumbukumbu ya alivyocheza awali. Tena kasi ni nyingine: mezani karata hugawiwa kama mara 30 kwa saa, mtandaoni mara 60 au zaidi, na wapo wanaofungua meza kadhaa kwa pamoja. Mwaka 2019 programu ya kompyuta iitwayo Pluribus iliwashinda wacheza poka mahiri bila kumtazama yeyote usoni.

Drafti ni habari nyingine, maana hakuna kinachofichwa. Kete zote ziko wazi, iwe kwenye simu au, zikiwa vizibo vya soda (vingine vimelazwa kifudifudi), kwenye kibaraza cha mjini Tukuyu mvua inapowazuia bodaboda kutoka. Ila simu haina watazamaji. Kibarazani kila mpita njia ni kocha, na kejeli zao humfanya hata fundi aingie mtegoni.