Pointi zako zinatosha, lakini nafasi je? Soma namba hizi kabla ya kuomba chuo

Pita Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, wiki ambayo dirisha la udahili limefunguliwa. Kwenye steshenari zilizobanana katikati ya maduka ya simu na vitenge, wanaopanga foleni ni vijana waliotoka kumaliza kidato cha sita. Mkononi wana simu yenye matokeo, mdomoni sentensi moja: "Kaka, nijazie Udaktari, pointi zangu zinaruhusu."

Kaka anajaza. Dakika kumi kazi imeisha, anaitwa mwingine.

Wiki kadhaa baadaye majina yanatoka na dogo hayumo. Nyumbani wanaanza kusema chuo kina wenyewe. Lakini mara nyingi shida inaanzia pale steshenari: dogo alisoma namba moja tu, wakati za muhimu ziko kadhaa, zote zimewekwa hadharani na kuzisoma ni bure.

Twende nazo moja moja.

1. Pointi za NECTA siyo pointi za TCU

Hapa ndipo wengi wanapigwa chenga. Baraza la Mitihani, NECTA, linahesabu hivi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5. Ukiwa na pointi chache, umefaulu zaidi. Divisheni ya kwanza ni pointi 3 hadi 9, ya pili ni 10 hadi 12, ya tatu ni 13 hadi 17.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, inageuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Huku ukiwa na pointi nyingi ndiyo uko vizuri.

Njia ya mkato ni hii. Kama masomo yako matatu ya kombi yote yako kati ya A na E, chukua 18 utoe pointi zako za NECTA. Mwenye PCB ya C, C na D ana divisheni ya pili ya pointi 10. Kwa TCU ana pointi 8. Aliyepata A tatu ana pointi 3 NECTA, na 15 TCU.

Hesabu masomo ya kombi tu, GS haiingii. Na kama ulimaliza 2014 au 2015, madaraja ya miaka hiyo yana hesabu yake tofauti, itafute kwenye mwongozo.

2. Kigezo cha chini ni geti, siyo kiti

Kila mwaka TCU hutoa mwongozo wa udahili, PDF unayoweza kuipakua kwenye tovuti yao. Iko miwili: mmoja wa waliomaliza kidato cha sita, mwingine wa wenye diploma na sifa zinazolingana nayo. Hakikisha umefungua wa kwako, tena wa mwaka huu. Ule uliotumwa kwenye grupu la WhatsApp na binamu aliyeomba miaka mitatu iliyopita, uache. Vigezo hubadilika.

Ndani kuna jedwali la kila chuo. Kila kozi ina sifa za kuingia, pointi za chini, idadi ya nafasi na miaka ya masomo.

Wengi wanaishia kwenye pointi za chini. Kwa mwombaji wa kidato cha sita, msingi wa jumla ni ufaulu wa masomo mawili ya kombi yanayohusika na kozi, jumla pointi 4. Kozi nyingine zinataka masomo matatu na pointi zaidi. Ukifikisha, umeruhusiwa kuomba. Basi. Hujaambiwa umepata.

Tuseme kozi inataka pointi 6 na wewe una 8. Umepita getini. Lakini ndani ya geti kuna wenye 15, 13 na 11, na wote wanagombea viti vilevile. Kozi ikiwa na waombaji wengi kuliko nafasi, chuo kinachagua kuanzia wenye ufaulu wa juu. Pointi 8 zako ni halali kabisa na bado unaweza kubaki nje.

3. Safu ya nafasi ndiyo wengi wanairuka

Rudi kwenye jedwali, tafuta idadi ya nafasi. Kozi ya nafasi 50 na kozi ya nafasi 400 siyo vita moja, hata kama kigezo cha chini kinafanana.

Sasa linganisha vyuo. Tafuta kozi unayoitaka kwenye kila chuo kinachoifundisha, andika nafasi zake kwenye karatasi. Ukitokea Msimbazi, Muhimbili iko karibu kiasi cha kwenda kwa miguu, na Mlimani unapanda mwendokasi ukimalizia na daladala. Ndiyo maana vijana wa mjini wengi hawaangalii mbali zaidi ya hapo. Lakini mwongozo una vyuo vya Dodoma, Mbeya, Mwanza, Morogoro, Moshi na Zanzibar. Kozi ileile inaweza kuwa huko, na foleni yake ikawa fupi.

Soma pia maandishi madogo. Kuna kozi zinazodai ufaulu wa somo fulani la kidato cha nne, mara nyingi Hisabati au Kiingereza, kama hukulisoma kidato cha sita. Hapo unaweza kuwa na pointi za kumwaga na bado mfumo ukakukataa.

4. Orodha za mwaka jana zinaongea

Wenzetu Kenya wanarahisishiwa. KUCCPS, taasisi inayopanga wanafunzi vyuoni, huonyesha kwa kila kozi alama za mwisho zilizoingiza watu miaka iliyopita. Marekani vyuo vingi hutoa takwimu za kila mwaka za walioomba na waliokubaliwa.

Mwongozo wetu unakupa kigezo cha chini na nafasi. Picha iliyobaki unaijenga mwenyewe, na inawezekana.

Kwanza, vyuo vingi huweka mtandaoni majina ya waliochaguliwa kwa kila awamu. Fungua orodha ya mwaka jana ya awamu ya kwanza, hesabu majina ya kozi yako, kisha linganisha na nafasi zilizokuwa kwenye mwongozo wa mwaka huo. Kama awamu ya kwanza pekee ilijaza karibu nafasi zote, jua kozi hiyo haisubiri mtu. Kama ilijaza nusu, kuna hewa.

Pili, matokeo ya NECTA yako wazi kwa kila shule, yakiwa na divisheni na alama za kila somo. Fungua shule tano au sita zenye kombi yako, za serikali na binafsi. Huhitaji jina la mtu. Angalia tu wenye pointi bora kuliko zako ni wengi kiasi gani. Ukiona mwaka huu kombi yako imefaulu sana, jua ushindani umepanda hata kama kigezo cha chini hakijasogea.

5. Panga chaguo kama mtu anayejua bei

Mwenyeji wa Kariakoo haingii sokoni na duka moja kichwani. Na wewe usijaze kozi tano zote za ndoto.

Weka ya ndoto, ile ambayo pointi zako ziko chini kidogo ya wanaoipata. Weka za saizi yako, ambazo umelingana nao. Na weka angalau moja ya uhakika: pointi zako ziko juu, nafasi ni nyingi, na ukiipata utaisoma kwa moyo. Kama huwezi kuisoma, usiiweke.

6. Awamu ya pili siyo ya waliofeli

Tangu 2017 waombaji wanaomba moja kwa moja chuoni, siyo kupitia mfumo mmoja wa TCU kama zamani. Matokeo yake, mtu mmoja anaweza kuchaguliwa vyuo vitatu. Anashikilia viti vitatu mpaka athibitishe kimoja, kwa namba maalumu anayotumiwa kwenye simu au barua pepe.

Akithibitisha, viwili vinaachiwa. Ndiyo maana awamu inayofuata huwa na nafasi hata kwenye vyuo vikubwa. Kama hukupata, angalia kozi zilizotangazwa kuwa na nafasi, rudia hesabu yako, omba tena mapema. Kama umechaguliwa zaidi ya chuo kimoja, thibitisha ndani ya muda. Ukichelewa unajihatarishia nafasi yako, na kuna mdogo wako mahali anaisubiri.

Kabla hujamkabidhi kaka wa steshenari

Yeye ana kompyuta na intaneti, siyo ripoti ya maisha yako. Nenda ukiwa umeshaandika kwenye karatasi: pointi zako za TCU, kozi kwa mpangilio, chuo, nafasi. Nywila iweke wewe, namba ya simu iwe yako, siyo yake. Ile namba ya kuthibitisha itakuja kwenye simu hiyo.

Na akitokea mtu pale nje anasema ana "mtu wake ndani ya chuo", endelea na safari. TCU imeshaonya mara nyingi kuhusu wanaojiita mawakala. Namba alizonazo ni hizihizi ulizosoma hapa, ila yeye anakuuzia.