Chura wa Maabara na Maji ya Unyamwezi

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilifuata maji, kwa kuwa wapagazi wa Kinyamwezi, waliopeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo na shanga, walipanga vituo vyao kwa kuhesabu visima na madimbwi, na nyika kame ya Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, iliogopwa kwa sababu hiyohiyo. Maji ya eneo hilo hadi leo ni ya msimu, ila juu ya swali la kupatikana kwake limezuka la pili, yaani yamebeba kitu gani, na miongoni mwa viumbe wanaotumiwa na wanasayansi kulijibu swali la namna hiyo ni chura.

Anayetumika zaidi ni yule mwenye jina la kisayansi la Xenopus laevis, mwenyeji wa kusini mwa Afrika, ambaye hukaa majini maisha yake yote, hana ulimi, na vidole vitatu vya kila mguu wake wa nyuma vina kucha nyeusi. Sifa zake zilienea katika miaka ya 1930, ilipothibitika kwamba chura jike akidungwa mkojo wa mjamzito hutaga mayai baada ya saa chache, hata akasafirishwa kwa maelfu kwenda Ulaya na Marekani kuwa kipimo cha mimba. Kipimo hicho kilipopitwa na wakati, chura alibaki maabara, kwa sababu ni mwepesi kufugwa na hutaga wakati wowote akidungwa homoni, yaani kemikali ambazo mwili huzitumia kupeleka amri kwenye viungo vyake. Jamaa zake wa karibu, Xenopus victorianus na Xenopus muelleri, wako Tanzania.

Kinachotafutwa hasa ni kiluwiluwi wake. Yai la chura halina ganda, limezungukwa na ute tu, na ngozi ya kiluwiluwi hupitisha maji pamoja na vilivyoyeyuka ndani yake, kwa hiyo sumu haikuti kizuizi kikubwa. Tena, kugeuka kwa kiluwiluwi kuwa chura huongozwa na homoni ya tezi ya kooni, tezi ileile inayomvimba binadamu akipata rovu. Mwaka 1912, ambao ndio mwaka reli ya kati ilipofika Tabora na kuanza kuuzika upagazi, mtafiti Gudernatsch alionyesha kwamba viluwiluwi waliolishwa tezi ya farasi hugeuka vyura kabla ya wakati, wakiwa wadogo mno.

Katika kipimo cha saa 96, viinitete vichanga huwekwa katika visahani vyenye viwango mbalimbali vya kemikali inayochunguzwa, na vingine katika maji safi ya kulinganishia. Siku ya nne mtafiti huhesabu waliokufa, hupima urefu wa waliobaki, na huandika ni yupi mkia wake umepinda na ni yupi utumbo wake haukujikunja sawasawa. Kipimo kingine, kilichopitishwa mwaka 2009 na OECD, jumuiya ya kiuchumi ya nchi tajiri, huchukua siku 21, na humo hutazamwa sana urefu wa mguu wa nyuma, kwani mguu uliochelewa kuota au uliowahi kupita kiasi huashiria kwamba kazi ya tezi imeingiliwa.

Mkoani Tabora siku hizo 21 zina uzito wa pekee. Tumbaku ya mvuke, iliyoshika mizizi Urambo baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kuporomoka mwaka 1951, huoteshwa kwenye vitalu karibu na maji, kisha huhamishiwa shambani mvua zinapoanza, na hupuliziwa viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu, kuvu na magugu. Mvua hizohizo ndizo zinazojaza mbuga na majaruba ya mpunga na kuwatoa vyura wazaliane, hivi kwamba mkulima akiosha bomba lake la kupulizia kando ya dimbwi, huenda viluwiluwi wamo humo, katika umri uleule ambao maabara imeuchagua kwa udhaifu wake.

Hata hivyo, jibu la maabara si hukumu. Mwaka 2010 kundi la Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilieleza kwamba kati ya madume 40 waliolelewa katika maji yenye mikrogramu 2.5 za atrazini kwa lita, dawa ya magugu itumikayo sana kwenye mahindi, asilimia 10 waligeuka majike walioweza kutaga. Lakini mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikuwa imeamua mwaka 2007 kwamba dawa hiyo haiathiri ukuaji wa viungo vya uzazi vya vyura. Na huko maabara kemikali hupimwa mojamoja, ilhali jaruba lina mchanganyiko. Vyura wa korongo la mto Kihansi, kusini mwa Tanzania, walipoangamia ghafla mwaka 2003, watuhumiwa waliotajwa walikuwa watatu kwa pamoja: maji yaliyopunguzwa na bwawa la umeme, ugonjwa wa kuvu, na viuatilifu vilivyokuwa katika tope la bwawa.

Kwa Tabora, basi, kipimo chenye manufaa zaidi kingekuwa kutia visahanini maji yenyewe ya jaruba pamoja na tope lake, mara moja kabla bomba halijapita na tena wiki chache baadaye. Maji hayo hayatulii: yanayotoka Urambo na Sikonge huteremka na mto Ugalla hadi Malagarasi, mto ambao misafara ililipa hongo kuuvuka (enzi hizo neno hilo lilikuwa na maana ya ushuru wa njia tu), na kutoka hapo huelekea Ziwa Tanganyika.