Mkanda wa Jeshi: Dawa Iko, Ila Haingoji

Swali moja linarudi mara kwa mara: je, mkanda wa jeshi uko na dawa? Ndiyo, iko. Ila haitaki kuchelewa.

Ugonjwa huu si uchawi wala laana. Huletwa na virusi vya tetekuwanga. Ukipona tetekuwanga, virusi havitoki mwilini. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu miaka mingi. Kinga ikipungua kwa uzee au maradhi, huamka. Kwanza unasikia moto mbavuni au mgongoni, halafu malengelenge hutoka upande mmoja kama mkanda.

Wengine hujifungia nyumbani wakiogopa kuambiwa wana Ukimwi. Kweli, mwenye VVU hupatwa kwa urahisi zaidi, na ni vizuri kupima. Lakini hata asiye na VVU hupatwa. Aibu hiyo ndiyo inakula siku za dawa.

Dawa yenyewe ni asaiklovia. Huzuia virusi kuzaana, ingawa haiondoi vilivyojificha. Mtu mzima kwa kawaida huandikiwa miligramu 800 mara 5 kwa siku, kwa siku 7. Ianzwe ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Kunywa maji mengi. Mwenye shida ya figo amwambie daktari mapema, apunguziwe kipimo.

Asaiklovia hutibu pia malengelenge ya mdomoni na ya sehemu za siri, kwa kipimo tofauti. Wengi walitumaini ingezuia VVU. Utafiti wa wapenzi jozi 3,408 katika nchi 7 za Afrika, Kisumu ikiwemo, ulitoa jibu mwaka 2010: vidonda vilipungua sana, lakini maambukizi ya VVU hayakuzuiwa. Basi isichukue nafasi ya kondomu wala ya ARV.

Tushike haya:

1. Tusipake majivu wala kutumbua malengelenge.

2. Yakitokea karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, twende hospitali siku hiyo hiyo. Jicho laweza kupofuka.

3. Tufunike vidonda. Mgonjwa akae mbali na watoto wachanga, na wajawazito ambao hawajaugua tetekuwanga, mpaka vikauke.

Kikundi kinaweza kutenga nauli ya dharura. Mwenzetu akilalamika leo, tusimwambie angoje siku ya soko. Tuhesabu saa pamoja naye.