Chanjo ya labo ni mara tatu

Kila siku mabinti na waume wetu wanaofanya kazi katika labo wanashika damu ya watu wengi. Damu hiyo inaweza kubeba virusi vya hepatiti B, ugonjwa unaoharibu maini. Virusi hivyo vinaweza kuishi siku 7 juu ya meza, hata damu ikikauka. Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa, hatari ya hepatiti B inapita ile ya ukimwi.

Mwenye virusi anaweza kukaa miaka mingi bila dalili, huku akimwambukiza mwenzake wa ndoa. Mama naye anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa.

Lakini chanjo iko. Kwanza mfanyakazi apimwe kama hana virusi tayari. Kisha adungwe mara 3: leo, baada ya mwezi 1, na miezi 6 tangu ile ya kwanza. Anayeishia njiani asijihesabu kuwa amekingwa. Mwezi 1 ao 2 baada ya ile ya mwisho, apimwe damu tena, kwa sababu kuna wachache ambao mwili wao haufanyi kinga.

Akijichoma kazini, aoshe papo hapo kwa maji na sabuni, amjulishe mkubwa wake, na aone muganga siku hiyohiyo.

Jioni hii tuwaulize watu wetu: umedungwa mara ngapi? Wasiomaliza, tuwakumbushe mpaka wamalize.