Malaria imepona, mbona damu ya mtoto inazidi kupungua?

Mwezi huu tunajibu swali ambalo akina mama wa Mkunya na vijiji vya jirani hutuuliza mara kwa mara: "Mtoto alimaliza dawa mseto siku zote tatu, homa ikashuka, akaanza kucheza. Wiki mbili hazijapita, viganja vimekuwa vyeupe. Damu imekwenda wapi?" Majibu ya mitaani hayakosekani. Wapo wanaosema kanyonywa usiku, na wapo wanaomlaumu mama kwamba hamlishi mwanawe. Jibu lenyewe ni la kushangaza kuliko hayo yote, na sehemu kubwa yake ilipatikana kwa jirani zetu wa Kenya.

Wengi tulifundishwa kwamba kijidudu cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, huzaana humo, kisha huipasua na kutoka. Ni kweli, lakini hesabu haitimii. Hutokea mtoto akawa na damu gramu 4 tu, wakati mtoto mdogo anatakiwa awe na 11 au zaidi, na bado katika darubini vijidudu vikaonekana vichache. Ni kwamba chembe nyingi zinazopotea hazikuwa na kijidudu chochote ndani yake. Anayeziangamiza ni mwili wenyewe.

Katika maji ya damu yetu mna kundi la protini zaidi ya 30, nyingi zikitengenezwa na ini. Wataalamu huliita komplementi. Mbelgiji Jules Bordet, akifanya kazi Paris mwishoni mwa karne ya 19, aliona kuwa maji ya damu ya mnyama aliyekwisha kupata kinga huua bakteria, lakini yakipashwa moto hadi nyuzi 56 hayaui tena. Ukiongeza kidogo maji ya damu mabichi, hata ya mnyama asiye na kinga hiyo, nguvu inarudi. Basi kulikuwa na kitu cha pili kinachokamilisha kazi, na ndiyo maana ya jina hilo, alilolitoa Mjerumani Paul Ehrlich. Bordet alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919.

Komplementi hufanya kazi kama sungusungu wa kijiji. Ikimwona mgeni inamtia alama, inapiga yowe ili chembe walaji waje wammeze, na wakati mwingine inamtoboa matundu yenyewe. Tunaihitaji sana, mtu aliyezaliwa bila baadhi ya protini hizo huweza kuugua homa ya uti wa mgongo mara kwa mara. Lakini sungusungu wa usiku huweza kumpiga hata mwenyeji. Kwa hiyo chembe zetu hubeba vitambulisho vya kusema, "Mimi ni wa hapa, niache." Chembe nyekundu zinavyo kadhaa, na viwili kati ya hivyo huitwa CR1 na CD55.

CR1 ina kazi nyingine pia, ya uchukuzi. Vijidudu vinapokufa, mabaki yake hushikana na kingamwili na komplementi yakawa mabonge. Chembe nyekundu huyapakia juu ya CR1 na kuyapeleka kwenye ini na bandama yakateketezwe. Mama aliyebeba ndoo anajua kuwa kichwani anahitaji ngata. Sasa fikirini kila anapotua ndoo anapokonywa na kipande cha ngata. Malaria ikiwa nyingi, safari zinakuwa nyingi, na chembe inarudi na vitambulisho pungufu.

Huko Kisumu, John Waitumbi, José Stoute na wenzao walipima chembe nyekundu za watoto walioishiwa damu kwa malaria. Mwaka 2000 walieleza kuwa chembe hizo zilikuwa na CR1 na CD55 chache, zimegandwa na kingamwili nyingi, na zilimezwa na chembe walaji kwa urahisi zaidi. Mwaka 2004 wakaongeza jambo ambalo kwetu sisi wauguzi ndilo kubwa kuliko yote. Walipima watu wa rika mbalimbali, katika sehemu za Kenya zenye malaria na zisizo nayo, na hata Alabama huko Marekani. Kote walikuta kwamba watoto wadogo ndio wenye vitambulisho vichache zaidi, navyo huongezeka kadiri mtu anavyokua. Wakaona kwamba huenda ndiyo sababu malaria humwishia damu zaidi mtoto mchanga, na mkubwa humpanda kichwani.

Mama asilaumiwe basi. Mchicha, kisamvu na maharage mpeni mtoto, ni vyakula vizuri, lakini havitapandisha damu ya gramu 4 kwa usiku mmoja.

Homa ikishaondoka, endeleeni kumtazama mtoto kwa wiki kadhaa. Mfungueni kiganja mkilinganishe na chenu, mvuteni ukope wa chini muone wekundu wake. Akiwa mweupe, mleteni siku hiyo hiyo apimwe damu. Akihema kwa shida, akikataa ziwa au akilegea, msingoje asubuhi.

Aliyelazwa kwa kuishiwa damu bado yumo hatarini miezi mitatu ya kwanza nyumbani. Utafiti uliofanywa Kenya na Uganda, uliotangazwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa watoto wa namna hiyo wakipewa dawa ya kuzuia malaria katika wiki ya 2, ya 6 na ya 10 baada ya kutoka hospitali, vifo na kulazwa tena hupungua kwa kiasi cha asilimia 70 katika muda huo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto hao wapewe kinga hiyo. Mkiruhusiwa kwenda nyumbani, muulizeni mganga habari zake, na chandarua kiwe kinamngoja mtoto kitandani.

Jambo la mwisho ni la wanaume. Mtoto akihitaji kuongezewa damu, ukoo huanza kumngoja mjomba atoke shamba la mikorosho aje aamue. Mtumieni habari mapema, na akifika mwambieni aanzie maabara apimwe kundi lake la damu.